Pongo Juu ya Kifuniko

Kwanza kaeni vizuri. Na wewe unayesoma umejilaza kitandani, inuka, maana mtu anayesoma amejilaza hasomi, anapumzika.

Mjukuu wangu Leontina alikuja hapa kwangu Kagoma, Muleba, na wenzake watano wa kikundi chao cha kusuka. Wakaniamkia, wakakaa, wakatafuna kahawa yangu, kisha wakaniuliza: "Bibi, wewe ubunifu wako uliutoa wapi?"

Nikawaambia huyo ubunifu ni mnyama gani, simjui.

"Yaani mawazo, Bibi. Michoro. Sisi tunatoa kwenye simu."

Wakanionyesha. Kweli, mlikuwa na vikapu vingi humo kwenye simu, vizuri, vya nchi nisizozijua. Nikasema sawa, sasa nionyesheni vya kwenu. Wakatoa, kila mmoja cha kwake. Vikapu sita, na vyote ni kikapu kimoja! Nikavipanga mezani kama vikombe vya uji vya shule. Hakuna aliyeweza kuniambia kipi ni cha nani, mpaka Leontina alipokitambua cha kwake kwa sababu kilikuwa kimepinda.

Basi nikasema nitawajibu kwa maandishi, kwa kuwa nikiongea mnacheka kabla sijamaliza. Niliishia darasa la nne. Msitafute maneno makubwa humu, hayamo.

Kazi yangu ilikuwa kusuka vikapu vya kahawa. Sisemi vile vikubwa vya kubebea viazi. Nasema vile vidogo vyenye kifuniko, vinavyokaa kwenye kiganja, ambavyo mgeni akiingia unamletea kahawa ya kutafuna kabla hujamuuliza kilichomleta. Nimevisuka miaka arobaini na kitu. Nimeacha kwa sababu kidole gumba cha kulia kimepinda kikaelekea upande wa Rwanda, na hakirudi.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, na hakuwa mtu wa kusifu. Kikapu changu cha kwanza alikishika, akakigeuza huku na huku. Akakipeleka kwa kuku aliyekuwa anatafuta pa kutagia. Kuku akaingia, akazunguka mara moja, akatoka akaenda kutaga kwenye majani. Ndivyo nilivyopewa majibu ya mtihani wangu wa kwanza.

Kabla sijasahau, nawaandikia mambo ya mikono. Ukindu ukatwe ungali mchanga, uanikwe kivulini. Mkiuanika juani unavunjika kama biskuti, halafu mnasema ukindu wa siku hizi mbaya. Kabla ya kusuka uviringisheni kwenye kitambaa kibichi tangu asubuhi. Msiulambe. Nimewaona mnaulamba. Shazia, ile sindano nene, ikipita kwa shida msiisukume kwa meno, meno hayaoti tena. Na kifuniko ndicho kikapu. Chombo cha chini hata mlevi atakisuka, lakini kifuniko kinatakiwa kikae kiasi kwamba ukikiinua kinasema pu, kidogo tu, kama mtu anayeshusha pumzi mchungaji anaposema amina ya mwisho. Kisiposema pu, fumua.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana ndiyo yenye jibu mnalolitaka.

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilisuka mchoro mmoja, pembetatu nyeusi na nyekundu za mama mkwe. Nilizijua kiasi cha kuzisuka huku nagombana na mtu. Vikapu vilikwenda Bukoba mjini kwa mama mmoja mwenye kibanda sokoni, naye alivipanga mbele kabisa. Siku moja nafika, vikapu vyangu sivioni. Naangaza, naviona chini ya meza, vimekaa na ufagio.

Nikamwambia, "Mama, vikapu vyangu vimekosa nini?"

"Havijakosa kitu, Ma Justa. Ila cha mwaka huu na cha mwaka juzi ni mapacha. Wateja wanasema cha hivi wanacho."

"Si ndiyo uimara wa kazi?"

"Pole, bojo, hata chumvi ni imara. Watu hawaitazami."

Nilikasirika wiki mbili. Kisha nikavitoa vyote nyumbani nikavitazama, nikaona yule mama amesema kweli. Nikakasirika wiki ya tatu.

Nikiwa katika hasira hiyo ya tatu, simu ikalia. Ni Koku, binti wa kijiji cha Izimbya anayefanya kazi mjini. Anaolewa. Wakwe wanakuja nyumbani kwa baba yake, anataka kikapu cha kuwapokelea.

"Ila Bibi, nisamehe, sitaki zile pembetatu. Kila nyumba ina pembetatu. Nataka kikapu ambacho mtu akikiona tu atauliza, nani kasuka hiki?"

Nikajibu kwa sauti ya fundi, "Hilo dogo." Nikakata simu. Kazi hii ilikuwa itatazamwa na ukoo mzima wa kwao na ukoo mzima wa wageni. Ikikubalika, narudi juu ya meza. Ikishindikana, nakaa na ufagio mpaka nife.

Nikamwuliza babu yenu nisuke nini. Akafikiri, akasema, "Suka duara."

"Duara la namna gani?"

"Duara tu. Kikapu si ni duara tayari? Utakuwa umeshamaliza."

Huyo ndiye mume niliyepewa. Nikafunga mzigo wangu wa ukindu, nikaenda mjini kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura anakaa Bilele. Babu yake alitoka pwani, yeye kazaliwa hapahapa, na Kihaya chake kinakishinda cha babu yenu. Kazi yake ni kushona kofia za mkono, zile nyeupe za matundu madogomadogo. Tulifahamiana zamani tukigombania kivuli kimoja sokoni. Nilimshinda kwenye kivuli, akanishinda kwenye maneno, tukawa marafiki.

Akaniwekea chai, akanisikiliza shida yangu huku anashona.

"Ukitafuta mchoro unatazama wapi?"

"Kwenye kikapu," nikasema.

"Ndiyo maana. Utaona kikapu tu humo. Mimi siitazami kofia, dada. Mimi nasikiliza."

Nikadhani uzee umemfika. Akaanza kuimba kasida kwa sauti ya chini, na sindano ikaanza kwenda. Ubeti ukirudia, sindano inarudia. Mwimbaji akivuta pumzi, anaacha tundu. Nikaichukua kofia nikaifuata kwa kidole huku anaimba, na Mungu ni shahidi, kasida yote ilikuwamo. Nikafika mahali pana tundu kubwa kuliko mengine.

"Na hapa?"

"Hapo alikohoa."

Kesho yake alasiri akanipeleka madrasa, ambako vijana walikuwa wanafanya mazoezi ya maulidi. Mimi ni Mlutheri, nikajifunga mtandio vizuri, nikakaa na wanawake nyuma. Dufu zikalia. Nilitoa ukindu mfukoni, nikawa napiga mafundo: pigo refu fundo kubwa, pigo fupi fundo dogo. Mama mmoja pembeni yangu akaninong'oneza, "Bibi, unahesabu dhambi zetu?" Nikamwambia hapana, nimekuja na za kwangu.

Siku ya Jumamosi Bi Zuhura akanipeleka kwenye ukumbi mdogo hukohuko Bilele. Siku za kawaida watu hufanyia semina pale, lakini Jumamosi mchana vijana wa mjini wanakuja kusomeana mashairi na hadithi. Sikujua kama kuna kitu kama hicho. Miaka yote nimeingia Bukoba na kutoka, nauza, nanunua chumvi, narudi, na kumbe nyuma ya ukuta watu wanasomeana.

Mlangoni alikaa binti mwenye daftari.

"Shikamoo Bibi. Na wewe unasoma?"

"Marahaba. Mimi nasuka, natoka Muleba."

Akaandika. Nikaingia nikakaa mbele, kwa sababu masikio yangu hayapendi nyuma. Wamesoma watu watatu, mara kijana aliyekuwa msemaji anatangaza, "Na sasa tumpokee Bibi Msukaji kutoka Muleba!"

Nikageuka kumtazama huyo bibi mwenzangu. Bi Zuhura akanipiga kiwiko. Nikasimama, nikapanda pale mbele na ukindu wangu mkononi. Nikawaambia, "Mimi nimekuja kusikiliza. Endeleeni." Nikashuka, nikakaa.

Nilipigiwa makofi kuliko wote siku ile. Kijana mmoja akasema ndilo shairi fupi zuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia.

Baada yangu akaja mzee wa enanga, ala yetu ya nyuzi, akailaza miguuni, akaanza kupiga na kuimba habari za wakubwa wa zamani. Enanga nimeisikia tangu utoto, na sikuwahi kuisikiliza. Siku ile mkono wangu ulikuwa unapiga mafundo wenyewe: refu moja, fupi mbili, refu moja, fupi mbili. Nikatazama ule ukindu nikaona ukingo wa kikapu. Ukingo wa Koku umepatikana!

Kisha akasimama mwalimu mmoja mwenye miwani, jina lake Deo, akafumba macho, akasoma shairi lake. Nasema kweli sikulielewa lote. Mashairi ya vijana hawa hayana vina, ni kama mtu anayeongea ana homa. Lakini lilikuwa la pongo. Mnamjua pongo, yule wa porini mwenye madoadoa meupe. Pongo ametelemka asubuhi kutoka milimani kwetu mpaka mjini, amepita kati ya maduka ambayo hayajafunguliwa, amefika ufukweni, akasimama kwenye maji, akanywa, akainua shingo kuitazama Bukoba nzima. Basi. Halafu mwalimu akafumbua macho akakaa.

Yule pongo nilimwona. Nilimwona mpaka sikio lililogeuka nyuma. Nikamwambia Bi Zuhura, "Huyo anakaa juu ya kifuniko."

Nilirudi Kagoma nikasuka wiki tatu. Ukingoni nilizungusha refu na fupi za enanga, na kati yake nikaacha vitundu vya pumzi kama vya Bi Zuhura. Juu ya kifuniko nikamweka pongo, uzi wa hudhurungi nimeupitisha juu ya msuko, kichwa chake ndicho kile kishikizo cha kuinulia. Mara ya kwanza babu yenu alipita akasema, "Mbuzi mzuri." Nikafumua. Mara ya pili akasema, "Mbwa huyu wa nani?" Nikafumua. Mara ya nne akasimama, akavua kofia, akasema, "Atakimbia huyo." Nikafunga uzi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana kosa linakuja.

Kwa wale wa mjini wasiojua, kila ukoo wetu una muziro wake. Ni mnyama, au chakula, ambacho watu wa ukoo huo hawali, hawaui, na wenye msimamo hawagusi kabisa. Fundi makini anauliza kabla hajasuka. Na mimi niliuliza! Kikapu kinatoka upande wa bibi harusi, kwa hiyo nilimwuliza Koku muziro wao. Akasema ni kambale mamba, yule samaki. Pongo na kambale wapi na wapi? Nikaendelea na kazi yangu moyo mweupe.

Mmeliona kosa? Hamjaliona. Hata mimi sikuliona.

Siku ikafika. Nyumbani kwa baba yake Koku, Izimbya, nyasi mpya zimetandazwa sebuleni, ndizi zinaiva, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imejaa. Tulikaa na Bi Zuhura karibu na mlango. Wakwe wakaingia wakiongozwa na baba wa bwana harusi, Mzee Kalikawe. Alikuwa na mkuki, na kabla hajakaa akajisifu kwa namna ya wazee wetu. Ndiko tunakoita kwebuga: mtu anataja ushujaa wake na wa baba zake kwa pumzi moja. Mzee Kalikawe alikwebuga mpaka wapishi wakaenda kupunguza moto. Nyuma yake mke wake, Mama Projesti, alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametulia, mikono mapajani, kama mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi.

Mzee akakaa. Koku akaja, akapiga magoti mbele yake, akakiinua kikapu kwa mikono miwili. Nikasikia watu wanavuta pumzi. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu, kazuri!" Nikamfinya Bi Zuhura.

Mzee Kalikawe akanyoosha mkono, akaona, akaurudisha kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Huyu ni nani?"

Baba yake Koku akasema kwa adabu, "Ni kikapu, waitu, bwana wetu. Karibu kahawa."

"Kikapu nakiona. Aliyekaa juu yake ni nani?"

Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Pongo!"

"Pongo," akasema mzee. "Kwetu pongo hatumli, hatumpigi, hatumgusi. Pongo aliingia kwenye maharage ya baba yangu, akala mistari yote, baba akasimama pembeni akamsubiri ashibe. Leo mimi mwanawe mnataka nimshike kichwa, nimvute shingo, ndipo nipate kahawa?"

Hapo muelewe vijana. Mkwe asipopokea kahawa, hajapokelewa, na asiyepokelewa haongei jambo lililomleta. Hakuna harusi. Koku alikuwa bado amepiga magoti, mikono imeinuka.

Baba yake akasema, "Leteni sahani."

"Sahani!" akasema Mzee Kalikawe. "Nimevaa kanzu hii nije nilishwe kwenye sahani kama mgonjwa?" Kisha akatazama nyumba nzima. "Nani kasuka hiki?"

Lilikuwa ndilo swali Koku alilolitaka. Likaulizwa.

Nikasimama. Mtu akikosea kazini asijifiche nyuma ya khanga ya mwenzake. Nikasema, "Ni mimi, waitu. Niliuliza muziro wa kwao, sikuuliza wa kwenu. Koku, kilete hapa." Nikamtua Koku mzigo, nikakaa kwenye nyasi katikati ya watu, nikatoa shazia kwenye kilemba changu, nikaanza kumfumua pongo mbele ya koo mbili.

Bi Zuhura akaniinamia. "Dada, umesikiliza mji mzima, ukasahau kumsikiliza mkwe."

"Nyamaza, nahesabu nyuzi."

Nikafumua kichwa hadi kishikizo kikabaki kitupu, nikafumua shingo, mgongo, miguu minne. Mzee anasubiri, watu wanasubiri, ndizi zinapoa. Nikamaliza, nikapuliza vumbi, nikakiinua kikapu juu wakione kifuniko.

Mambo ya kazi haya, hakuna anayekufundisha. Nilipokwisha kumfunga pongo, kikapu kilikaa wiki tatu juu ya jiko langu kinakauka, na msuko wote ulikuwa umeshika rangi ya moshi kidogo kidogo. Wote isipokuwa pale chini ya uzi wa pongo. Pale palikuwa peupe, safi kama siku ya kwanza. Pongo hakuondoka. Alikuwa amesimama palepale juu ya kifuniko, mweupe, mpaka sikio, anaonekana kuliko mwanzo.

Mtu wa nyuma akasema, "Amefufuka."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Mzee Kalikawe peke yake hakucheka. "Umemfanya mzimu!" akasema. "Yule wa kwanza alikuwa afadhali!"

Nikabaki nimeshika shazia. Nilikuwa nimeua kikapu, nimeua harusi, na nimemuua pongo wa watu. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini Koku, kisha nikafikiria ufagio ule chini ya meza, kwamba tutazoeana.

Ndipo sauti ikatoka kwenye mkeka. "Baba Projesti."

Ni mke wake.

"Unasemaje?"

"Huo muziro ni wako."

"Ni wetu."

"Ni wako na watoto wako. Mimi nimetoka kwa baba yangu na muziro wangu, na muziro wangu ni tumbili. Pongo kwetu ni mboga. Nimeacha kumla tangu unioe, kwa heshima yako. Kumgusa sikukuahidi."

Akainuka. Magoti yake yalilia, tukayasikia wote. Akaja mpaka nilipokaa, akamshika yule pongo mweupe kichwani kwa vidole viwili, akainua.

Pu.

Nawaambia nyumba nzima iliisikia ile pu.

Akachagua punje, akaitia mdomoni. Akatafuna. Mimi umri wangu wote sijaona mwanamke anatangulia kutafuna kahawa ya wakwe mbele ya wanaume, na nadhani hata yeye hakuwahi kuona. Akatafuna polepole, macho juu, kama mtu anayepima chumvi ya mchuzi.

"Imechemshwa vizuri," akasema. Akachukua ya pili.

"Mama Projesti!" akaita mzee.

"Nakuja, nakuja."

Akamaliza ya pili. Kisha akachota kidogo, akaenda akammiminia mumewe kiganjani. Mzee Kalikawe akakitazama kiganja chake, akatutazama sisi, akamtazama mkewe. Akatafuna.

Vigelegele! Koku alilia, baba yake alilia, Bi Zuhura alipiga kigelegele cha pwani kilichowaamsha hata waliokuwa wamelewa uani. Mzee Kalikawe alipoona mambo yamekwenda bila yeye, akasimama na mkuki wake akatoa uamuzi: kikapu hicho kitakaa nyumbani kwake, na hataki kumwona mtu yeyote anakifungua isipokuwa Mama Projesti. "Huo ndio uamuzi wangu," akasema. Tukaupigia makofi uamuzi wake.

Akapita karibu yangu wakati wa kuondoka. "Bibi."

"Naam, waitu."

"Mrudishie rangi yake. Akiwa mweupe ananitazama."

Nikamrudishia wiki iliyofuata. Nilijua jina langu limekwisha. Nikaweka shazia kwenye kopo, nikaenda kupalilia migomba kibanjani. Siku kama kumi hivi, simu. Mama wa mjini nisiyemjua.

"Bibi, ni wewe uliyesuka kikapu cha Mzee Kalikawe?"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nisukie na mimi. Kila nikiweka kahawa ya wageni, mume wangu na ndugu zake wanaimaliza wageni hawajafika. Muziro wake ni tumbili. Msuke mkubwa."

Kesho yake mwingine, kutoka Muleba mjini. Mumewe muziro wake ni nyati. Kisha watatu kwa siku moja. Wanaume walilalamika, lakini wangefanya nini? Mzee Kalikawe amekataa kugusa picha ya muziro wake mbele ya watu wote, na hakuna mwanaume aliyetaka kusikia kwamba yeye anauheshimu ukoo wake chini ya huyo mzee. Mmoja muziro wa mumewe ulikuwa utumbo wa ng'ombe. Nilimsukia. Msiniulize ulifananaje. Mume hakugusa, basi.

Yule mama wa kibanda akanipigia: "Ma Justa, vikapu vyako nimevipandisha." Nikamwambia aupe ufagio salamu zangu.

Kwa kila mnyama nilirudi Bilele Jumamosi, nikakaa mbele, na ukindu mkononi. Tumbili nilimpata kwenye dufu. Nyati nilimpata kwa binti mmoja aliyesoma hadithi kwa sauti nzito huku ana umbo la sindano. Mwalimu Deo aliposikia pongo wake amefikia wapi, alivua miwani akaifuta. Kisha akasema, "Bibi, mimi niliandika shairi. Wewe umelifanya kufuli."

Hilo ndilo jibu langu, Leontina na wenzako. Mimi sikutoa kitu popote. Nilikwenda nikakaa na watu wanaofanya kazi zao kwa sauti, nikapiga mafundo. Simu yenu haikohoi. Na kabla hamjasuka, ulizeni miziro ya pande zote mbili, na muulize na ya mama mkwe.

Mmeniuliza pia kwa nini kikapu changu pale kabatini hamjaona babu yenu akikifungua. Muziro wake ni nyati, na nyati wangu ana pembe ndefu. Hivi ninavyoandika amesimama mlangoni, anakohoa.

"Mama Justa, kuna mgeni."

Nimechungulia dirishani. Hakuna mgeni, ni kahawa anaitaka. Anakohoa tena: refu moja, fupi mbili, halafu kimya, halafu refu. Mpigo huu sijawahi kuusikia. Leontina, ukifika hapa acha kusoma, lete ukindu ukae karibu naye. Kahawa nitampa ukishamaliza kuhesabu.